Njoni Mfungue Kinywa

Katika makanisa mengi ya upande wetu, kuanzia Vihiga mpaka Kisumu mjini, kuna benchi lisiloandikwa kitu lakini kila muumini analijua. Liko nyuma kabisa, karibu na mlango, pale vumbi la barabarani linapoingilia. Huketi hapo waliotengwa: msichana aliyeshika mimba kabla ya harusi, mzee aliyeongeza mke, kijana aliyeonekana akitoka kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji. Wanaruhusiwa kuimba. Wanaruhusiwa pia kutoa sadaka, hilo sijawahi kusikia likikatazwa popote. Ila siku ya Meza ya Bwana, sinia likipita, wao hukunja mikono na kutazama sakafu.

Anayetaka kuondoka kwenye benchi hilo anaijua njia. Ataandika barua ya toba, ataitwa mbele ya wazee, ataulizwa maswali ambayo mengine ni ya udaku kuliko ya kiroho, kisha Jumapili moja atasimama mbele ya watu wote, aungame, aombewe, apewe mkono wa ushirika. Baada ya hapo ndipo atakula. Nimeona watu wakipita njia hiyo kwa machozi ya kweli na maisha yao yakageuka, kwa hiyo sisemi ni njia ya bure. Ninachosema ni kwamba utaratibu huo, maswali kwanza na chakula baadaye, siuoni kwa Mungu ninapomsoma akimshughulikia mtu aliyepotea. Yeye hupakua kwanza.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, wala hakuwa amekusudia kunifundisha chochote.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, mjane, mama wa kanisa wa ile aina inayofika kufagia kabla mlinzi hajafungua lango. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. Alikuwa na besi ambayo ulikuwa ukiisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Kisha pombe ikamchukua, polepole mwanzoni na halafu kwa haraka. Kazi ya udereva ikaenda, nyumba ikaenda, mke akarudi kwao na watoto. Kanisa lilimtenga kwa taratibu zote zinazotakiwa: barua, wito, barua ya pili, tangazo. Alipoacha kuitikia, jina lake likaacha kutajwa hata kwenye maombi. Akahamia Obunga.

Asiyeijua Kisumu nimweleze. Obunga iko upande wa kutokea mjini kwenda Kakamega, mtaa wa mabati na vichochoro, na inasifika kwa mambo mawili: chang'aa na mgongo wazi. Viwanda vya samaki huchuna minofu ya mbuta, yaani sangara, na kuipeleka ng'ambo, kisha kichwa na mifupa yenye nyama kidogo huuzwa kwa akina mama wanaokausha na kukaanga. Huo ndio mgongo wazi. Ukipita jioni, harufu ya mafuta inakukaribisha kabla ya mtu yeyote.

Huko ndiko shangazi alikokuwa akienda kila Jumamosi jioni, amebeba ugali na mboga ya kienyeji kwenye hotipoti iliyofungwa kwa leso. Anamtafuta ndugu yake kibanda kwa kibanda. Akimpata ananunua mgongo wazi, wananawa, wanakula. Kisha anarudi nyumbani kabla giza halijaingia sana. Hakuwa akihubiri, wala hakuwa akimpelekea Biblia.

Bila shaka alionekana. Mji huu hauna siri, na mwanamke mwenye kitambaa cha umoja wa akina mama akiwa ameketi kwa mama pima ni habari inayosafiri kwa bodaboda. Wazee wakamwita. Mimi nilimsindikiza, nikaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango nikasikia yote.

“Mama, ni kweli umeonekana mahali pa pombe?”

“Ni kweli, wazee wangu. Nilikwenda kula na ndugu yangu.”

“Na umempelekea Neno?”

“Neno analijua kuliko mimi. Alikuwa na njaa.”

Mzee mmoja, mtu mwema ambaye sina neno baya juu yake, akamwambia kwa upole kwamba hatari ni kumzoesha. Mtu akilishwa dhambini atajuaje kwamba yuko dhambini? Shangazi hakujibu. Nadhani aliliona swali hilo halina jibu la maneno. Mimi ndiye niliyeondoka nalo, na nimekuwa nalo tangu hapo.

Kwetu Vihiga, mgeni akifika haulizwi kilichomleta. Anaulizwa habari za njiani, anaulizwa mvua, anapewa maji ya kunawa na anakula. Hata kama amekuja kudai deni, shauri lake linangoja sahani ziondolewe. Mwenyeji anayeanza na “Umekuja kufanya nini?” hufundishwa adabu mpaka anazeeka. Tunayajua haya nyumbani. Sijui ni nani aliyetuambia tuyavue pamoja na viatu tunapoingia kanisani.

Ama labda najua, kidogo. Lugha yetu ya kuokoka, kuungama na kurudi nyuma tumeirithi kwa sehemu kubwa kutoka ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukawa umefika Maseno, huku kwetu. Ulikuwa moto mwema. Wazungu wa misheni na Waafrika waliungama dhambi zao mbele ya wenzao na kuitana ndugu, katika siku ambazo nje ya kanisa hawangeketi meza moja. Kuungama kwao kulitoka kwa watu ambao tayari walikuwa wameguswa. Sisi wajukuu tumekichukua kile kilichokuwa tunda tukakifanya lango.

Turudi kwenye Maandiko, maana mzee yule angependa nimjibu kwa Maandiko.

Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, amekimbia. Nabii aliyeshusha moto Karmeli anamkimbia Yezebeli, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mtu ameacha kazi aliyotumwa. Malaika anamgusa. Anamwambia, “Inuka, ule.” Pale kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili kwa neno lile lile, ule, maana safari ni kubwa mno kwako. Swali, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, linakuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea kwa nguvu za chakula hicho. Mungu alikuwa na swali tangu mwanzo. Alilishika mpaka mtu wake apate nguvu za kulijibu.

Zakayo yuko juu ya mkuyu. Yesu hamwambii ashuke atubu. Anamwambia ashuke upesi kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Watu wananung'unika. Ni ndani ya nyumba hiyo, mgeni akiwa amekwisha kupokewa, ndipo mtoza ushuru anaposimama na kutoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne. Hakuna aliyemwomba hesabu.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Petro, na huenda ni kwa sababu ninaishi kando ya ziwa.

Kama hujawahi kusimama Dunga, ufuko wetu wa Kisumu, alfajiri, mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, zikirudi, ni vigumu kuionja Yohana 21. Wavuvi wa omena huvua usiku, tena usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazovuta samaki, na ukitazama ziwa kutoka ufukweni utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Asubuhi wanarudi. Usiku ukiwa mzuri kuna kelele, akina mama wanakimbilia mashua na karai zao. Usiku ukiwa mbaya hakuna anayemsemesha mwenzake. Mtu aliyekesha akavua maji matupu usimwulize neno.

Petro yuko katika asubuhi ya namna hiyo. Amekwisha kumkana Bwana wake mara tatu. Yesu amefufuka, amewatokea wanafunzi, lakini kile kilichotokea uani kwa Kuhani Mkuu hakijazungumzwa. Kipo katikati yao. Basi Petro anasema naenda kuvua samaki, na wenzake wanafuatana naye. Usiku kucha, mikono mitupu. Kunakucha, mtu amesimama ufukweni, anawaambia watupe nyavu upande wa kuume, na nyavu zinajaa. Petro anajitupa majini.

Sasa angalia anachokikuta nchi kavu. Yohana anaandika kwamba kuna moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate. Moto wa makaa. Katika Injili hiyo hiyo, sura ya 18, Petro alimkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa pamoja na watumishi, kwa sababu kulikuwa na baridi. Harufu ile ile. Sidhani Petro alihitaji mtu wa kumkumbusha. Na kabla ya lolote, kabla ya lile swali la “wanipenda?” linaloulizwa mara tatu mpaka mtu anahuzunika, Yesu anasema, “Njoni mfungue kinywa.” Anautwaa mkate, anawapa, na samaki vile vile. Yohana ni mwangalifu: walipokwisha kula, ndipo Yesu alipomwambia Simoni Petro.

Walipokwisha kula. Samaki wa kwanza walikuwa wamekwisha kuwekwa juu ya makaa kabla ya wale 153 kufika ufukweni. Mfufuka alikuwa ameinama anapuliza moto, anampikia mtu aliyesema simjui.

Maswali yalikuja, tena makali. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema Mungu hana maswali. Petro aliulizwa mpaka kidonda kikafunguka, kisha akapewa kazi: lisha kondoo zangu. Hata kazi aliyopewa ilikuwa ya kulisha.

Najua kuna andiko la upande wa pili, na nitakuwa mjanja nikiliruka. Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 5 Paulo anasema kuhusu mtu anayeitwa ndugu naye ni mzinzi, au mlevi, au mnyang'anyi, kwamba msile hata chakula naye. Limeandikwa wazi. Wazee wetu hawakulibuni. Ila mtu anayezungumziwa pale alikuwa anaishi na mke wa baba yake na kanisa lilikuwa linajivuna. Hakuwa amelala kwenye mtaro akilia jina la mama yake. Tena barua ya pili kwa kanisa hilo hilo, sura ya 2, Paulo anazungumza juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, na wasomaji wengi wameona ni yule yule: yatosha, anasema, sasa msameheni na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Nimesikia sura ya 5 ikisomwa katika vikao vingi. Hiyo ya barua ya pili huwa haipatikani kwa urahisi.

Na lile la Mathayo 18, kwamba asiyelisikiliza kanisa awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru? Mathayo, ambaye kwa mapokeo ndiye aliyeandika Injili hiyo, anatajwa humo humo, sura ya 9, ameketi forodhani akitoza ushuru. Yesu alimwita, na kinachofuata ni karamu nyumbani, watoza ushuru tele wamekaa chakulani pamoja naye. Kama hivyo ndivyo mtoza ushuru anavyotendewa, basi tuwatendee hivyo.

Kuna jambo lingine lazima lisemwe, hasa na mwanamke. Baba mdogo alimpiga mke wake. Upendo wa Mungu unaomtafuta mlevi si ruhusa ya kumrudisha mke chini ya ngumi. Shangazi hajawahi kumwambia yule wifi yake arudi. Kila muhula humtumia kitu kidogo cha karo ya watoto, wala halitangazi. Wanaochanganya mambo haya mawili, wakamshinikiza mke asamehe ili mume aonekane amerejea, wamejificha nyuma ya mwana mpotevu ili wasimtazame aliyepigwa.

Huyo mwana mpotevu mwenyewe, kwa kuwa nimemtaja, hatumsomi vizuri. Tunahubiri kwamba alizingatia moyoni, akatubu, akarudi. Soma tena Luka 15. Alichozingatia ni kwamba watumishi wa baba yake wana chakula cha kusaza, naye anakufa kwa njaa. Toba yake ilianzia tumboni. Akatunga hotuba njiani, yenye ombi la kazi mwishoni mwake, na baba alimwona angali mbali, akaenda mbio, akamwangukia shingoni. Hotuba haikufika mwisho. Lile ombi la kazi halikutamkwa. Hakuulizwa fedha ziko wapi. Joho, pete, viatu, ndama. Na mtu wa mwisho katika simulizi hiyo, mtu pekee aliyebaki nje bila kula, ni yule ambaye hakuwahi kuondoka nyumbani. Baba alimtokea huyo pia, akamsihi. Luka hatuambii kama aliingia.

Yona naye tunaachwa naye hivyo hivyo, ameketi nje ya mji wa Ninawi, amekasirika kwa sababu watu waliotubu wamesamehewa. Mungu anamwuliza juu ya watu zaidi ya mia na ishirini elfu wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama pia, halafu kitabu kinakwisha na swali hewani. Hapa kwetu jina la mji ule liko barabarani. Zakayo Kivuli, aliyetoka katika misheni ya Wapentekoste ya Nyang'ori, alianzisha mwaka 1942 kanisa linaloitwa African Israel Church Nineveh, na mpaka leo utakutana na waumini wake wakiandamana Jumapili kwa kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Kila ninapowapisha barabarani nafikiri: watu wangeweza kujiita Yerusalemu, wakachagua Ninawi.

Waswahili wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Katika habari ya Mungu na waliopotea, aliyekula nao ndiye aliyekufa kwa ajili yao, na sijui methali hiyo tuifanyeje.

Lakini sitaki kuuza dawa isiyoponya. Yuda pia alilishwa. Katika Yohana 13 Yesu alichovya tonge akampa mkononi, akijua. Akala, akatoka, na Yohana anaongeza kwamba ulikuwa usiku. Chakula hakimfungi mtu. Hosea alimnunua mke wake mwenyewe kwa vipande kumi na vitano vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri, nusu pesa na nusu nafaka, kama mtu aliyepungukiwa akaenda kukwangua ghala, na kitabu hakituelezi kama moyo wa mwanamke ulifuata. Mungu anayetafuta hivi anaweza kurudi mikono mitupu, na bado kesho yake anawasha makaa tena. Hilo ndilo linalonishinda kulielewa, na ndilo linalonifanya niendelee kuamini.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba baba mdogo bado yuko Obunga, usishangae. Bado anakunywa. Ila Jumamosi anangoja shangazi aje na aondoke kwanza. Hajakanyaga kanisani. Mwezi jana, katikati ya mgongo wazi, aliuliza ni nani anayefundisha kwaya siku hizi, maana kuna Jumapili alipita nje ya ukuta akasikia. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. “Mwambieni huyo kijana anaanzisha juu mno. Soprano watakufa.” Shangazi alinisimulia hilo kwa simu akicheka mpaka akakohoa.

Mimi nimepeleka pendekezo kwenye baraza la kanisa. Ni fupi: kabla barua ya wito haijaandikwa kwa mtu yeyote, wazee wawili waende wakale naye, mahali alipo, na siku hiyo wasimwulize kitu. Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja aliuliza itakuwaje mtu akiwa yuko kwa mama pima. Mwingine akauliza wazee wataombeaje chakula mahali kama hapo, kwa sauti au kimoyomoyo. Mhazini akataka kujua fedha za chakula zitatoka fungu gani. Mchungaji akasema hoja ni nzito, ihamishiwe kikao kijacho.

Shangazi alikuwa nje akiningoja, hotipoti mkononi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

“Wamesemaje?”

“Wanauliza pesa za chakula zitatoka wapi.”

“Waambie mgongo wazi ni rahisi,” akasema, tayari ameanza kutembea. “Na mimi ninamjua anayekaanga vizuri.”